Ombi Kabla ya Salamu

Riziki, mdogo wangu,

Sikuulizi habari yako, kwa sababu nakuona. Umechuchumaa pale nje karibu na jiko, unasugua sufuria kwa majivu ingawa hakuna aliyekutuma, na unaimba kwa sauti ya chini wimbo wa chorale ya kanisa ambao maneno yake huyajui nusu. Mimi niko ndani, mezani. Kesho asubuhi mtapanda gari pamoja na Tantine Roza, dada wa Baba, mpite Komanda na Mambasa, mfike Epulu. Nikisema nitakueleza haya wakati mizigo inafungwa, unanijua: maneno yatanikwama, nitakupa maji ya kunywa badala ya kuongea, na gari litaondoka.

Mambo ya nguo, ya sabuni na ya kusuka nywele tumekwisha kuyasema. Sitayarudia. Watu wa mtaa wetu wanakuita mtoto wa Vumilia, na ni kweli kwamba Mama alipofariki ulilala mgongoni mwangu kabla ya kulala kwa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo leo naandika kama mzazi, lakini ni mzazi wa ajabu, ambaye bado anainua kidole ili aruhusiwe kutoka darasani. Hakuna aliyeniuliza kama uende au ubaki. Baba yuko Kilo anachimba, aliamua kwa simu na dada yake, mimi nikaambiwa nikufulie nguo.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Nataka uingie darasa la sita huko Epulu, ufanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi pamoja na wenzako. Na kama hawakuingizi, nataka uweze kusema wazi kabla mwaka haujapita. Kusema tu. Unaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi kilinishinda.

Wewe unakumbuka kidogo sana wakati nilipokaa kwa Baba Mukubwa, kaka wa Baba. Tulikuwa tumetoka kijijini kwetu Djugu na vitu tulivyoweza kubeba kichwani, Baba anatafuta pa kutuweka hapa Bunia. Baba Mukubwa alikuwa amekwisha kujenga Kilo, akasema yule mkubwa aje kwangu, atasoma. Sikusoma. Asubuhi nilikaanga mandazi pamoja na mke wake, kisha nilijitwisha beseni na kuwapelekea wachimbaji kwenye mashimo ya dhahabu, nauza mpaka mafuta ya mandazi yananikaukia mikononi. Hakuna aliyenipiga. Nilikula vizuri. Labda ndiyo sababu sikujua niseme nini.

Na barua niliandika. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Niliandika sana, tena kwa mwandiko mzuri. Simu ilikuwa ya Baba Mukubwa, na mtu akiongea aliweka sauti kubwa ili nyumba nzima isikie, kwa hiyo mimi nilipendelea karatasi. Lakini unajua barua zetu zinavyosafiri. Barua haifungwi. Ukimpa dereva barua iliyofungwa kwa gundi, anakutazama kama umemwita mwizi. Unaikunja tu, anaichukua wazi. Na kabla haijatoka nyumbani, mwenye nyumba anaomba isomwe ili aongeze salamu zake. Ikifika inasomwa tena, watu wa nyumba wamekaa, na jirani aliyekuja kuomba chumvi anakaa pia. Basi nilijifunza kuandika barua ambayo kila mtu anaweza kuisikia bila kukohoa. Nilimsalimu Baba, nikakusalimu wewe, nikawasalimu watu wa kanisa, nikauliza hali ya yule mbuzi mwenye pembe moja. Chini kabisa, pale ambapo karatasi inakaribia kuisha, niliandika: "Kuhusu masomo, tunamshukuru Mungu."

Kumbe Baba, kila barua ilipofika, alizunguka nayo. Aliwaambia watu wa kanisa kwamba binti yake anasoma Kilo, sikilizeni anavyoandika. Siku alipokuja mwenyewe Kilo kunitazama, alinikuta njiani na beseni. Nilidhani atafurahi kuniona. Aliniuliza ninafanya nini na beseni saa ya masomo, nikamwambia nauza. Akauliza mbona sikumwandikia. Nikasema niliandika.

"Uliandika unamushukuru Mungu," akasema. "Unamushukuru Mungu juu ya nini?"

Nikashusha beseni. Wachimbaji wawili walikuwa wamesimama wanangoja mandazi yao, nao wakatazama chini. Baba alinirudisha Bunia, ila mwaka ulikuwa umekwisha kwenda. Ndiyo maana nakaa darasani na wasichana wadogo kuliko mimi, wanaoniita Mama Vumilia na kuniomba niwafungie vifungo vya nyuma.

Ungefikiri mtu aliyepita hapo angejua kufundisha barua.

Mwaka huu shule yetu ilitutuma sisi tunaosomea ualimu, wa section ya pédagogie, kwenye stage, tukajaribu kufundisha watoto wa msingi. Mimi nikapewa darasa lako la tano, chini ya Mwalimu Anselme, na somo langu la kwanza likawa barua ya kuomba. Niliandaa fiche yangu ya somo kwa siku nyingi. Nilipoingia ukaniita Yaya, dada mkubwa, kama nyumbani, mbele ya wote, darasa likacheka, na mimi nikaanza kuandika ubaoni ili nisiwatazame. Sehemu za barua: mahali na tarehe, anayeandikiwa, salamu, ombi, kuaga. Salamu nilizieleza karibu kipindi kizima, maana salamu ni rahisi kusahihisha. Zipo au hazipo. Ombi nililipa dakika za mwisho, na mfano mmoja: mwanafunzi anaomba ruhusa kwa sababu bibi yake ni mgonjwa Djugu.

Unakumbuka kilichotokea. Darasa zima likawa na bibi mgonjwa Djugu. Hata Pascal, ambaye bibi yake alikuwa palepale nje ya lango la shule anauza karanga na kugombana na wapita njia kwa sauti tunayoisikia kupitia dirishani. Nilimuuliza, Pascal, bibi yako si yule? Akakubali ndiye: "Njo yeye, Mademoiselle, lakini kwa ubao iko mugonjwa." Nikampa alama zote. Ningemkata kwa lipi? Alikuwa na tarehe, alikuwa na salamu, hakukosa hata nukta.

Usiku huo sikuridhika. Kipindi kilichofuata nikawaambia waandike kwa mtu aliye hai, kuhusu kitu kinachokosekana kweli. Wengi waliandikia watu wa mbali, wakiomba mpira. Wewe ulimwandikia Direkta wa shule yenu. Nakumbuka yote, kwa kuwa yalikuwa machache: "Bwana Direkta, jambo. Choo cha wasichana hakina mlango. Tunaomba mlango kabla ya likizo." Na jina lako.

Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizosoma mwaka huu, na mimi nikaijaza wino mwekundu. Salamu ziko wapi? Heshima iko wapi? Huyu ni Direkta, si rafiki yako wa kuruka kamba. Ukaniangalia kama unayengoja nicheke. Sikucheka. Niliogopa, Riziki. Mwalimu Anselme alikuwa amekaa nyuma na daftari la kunipa alama, na nilijua atasema mdogo wangu hana adabu kwa sababu mimi sina. Nikakurudisha uandike tena, kisha tena. Ya mwisho ilijaa ukurasa mzima. Tulikuja mbele yake kwa unyenyekevu, tulimsalimu yeye na jamaa yake, tulimshukuru kwa kututunza kama baba, tulimwombea maisha marefu. Mlango ulikuwa mwishoni kabisa, katika sentensi moja na mambo ya usafi kwa jumla.

Tukaipeleka ofisini, na Direkta akaja darasani na barua mkononi. Akaisoma kwa sauti, polepole, akafika pale tunapomwita baba, akasimama hapo hapo, akaikunja. Akasema, "Hii njo barua. Mutoto wa cinquième, wa darasa la tano, anaandika sawa mutu wa bureau." Tukapiga makofi. Barua ikabandikwa ofisini kwake, wageni wakija wanaonyeshwa. Mimi nikapata alama nzuri kuliko stagiaire wenzangu wote. Na wasichana mpaka leo wanakwenda choo wawili wawili, mmoja anasimama nje ametandaza pagne kama pazia.

Tulivyokuwa tunarudi nyumbani ukaniuliza mlango utakuja lini. Nikakuambia ungoje, wakubwa wana mambo mengi. Ukatembea kidogo. Kisha ukasema, "Hakuona, Yaya. Umeficha mulango nyuma ya salamu."

Nilikasirika. Nilikuambia unyamaze, na jioni ile sikukusaidia hesabu. Sasa unajua nilikuwa nakasirikia nani.

Kesho yake nilijikaza nikamfuata Mwalimu Anselme. Nilitaka kumwambia kwamba tumefundisha vibaya, mimi na fiche yangu, na nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikasema tu kwamba labda barua ya kwanza ya Riziki ilikuwa wazi zaidi. Hakunikaripia. Alifuta miwani yake kwa shati, akaniambia kwamba mtoto hawezi kumwandikia mkubwa kama anayeagiza sukari dukani. "Na Direkta akikasirika, atakasirikia nani? Weye stage inaisha, unarudi kwenu. Mutoto anabaki naye." Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba na yeye ana barua zake ofisini ambazo hazijajibiwa. Nikasema ndiyo Mwalimu, nikafuta ubao.

Kinachonikera ni kwamba hakukosea. Angekosea ningemchukia nikapumzika. Ni kweli mtoto anayeandika vikali anaweza kuumizwa, na ni kweli pia kwamba anayeandika kwa unyenyekevu anapigiwa makofi na kuachwa bila mlango. Nimesoma vitabu vyote vya kabati la shule yetu, hata vile vilivyokosa kurasa, vinafundisha wapi pa kuweka mkato baada ya jina la mheshimiwa. Hakuna hata kimoja kinachoeleza mtoto afanye nini ili mkubwa aone ombi lake na asiudhike. Mimi nitapewa cheti cha kufundisha jambo hilo, na silijui.

Nilichopata mpaka sasa ni kidogo. Heshima haihitaji ukurasa. Salamu moja ya kweli inatosha, kisha ombi, kisha jibu unalolingoja na lini unalingoja, kama ulivyofanya wewe kabla sijakusahihisha. Baada ya hapo salimia unavyotaka, salimia mpaka kuku. Aliyechoka kusoma atakuwa amekwisha kuona. Nilitaka kulirudia somo hilo darasani kwenu, lakini fiche iliyofuata ilikuwa ya somo la tangazo, na ratiba ya stage haikuningoja. Kwa hiyo wewe ndiwe darasa langu zima.

Sasa nije kwa Tantine. Alipofika jana na mtoto mgongoni nilifurahi, usidhani namchukia. Ni dada wa Baba, anacheka haraka, na alituletea asali ya msituni. Alisema anahitaji mtu wa kumsaidia na mtoto, kwa kuwa mumewe ni mlinzi wa hifadhi na akiingia msituni anakaa huko muda mrefu. Baba akasema kwenye simu kwamba shangazi ni mama. Bibi wa jirani akauliza kuhusu masomo, na Tantine akajibu, "Shule iko. Mutoto atasoma." Wote wakaitikia. Nikasikia tena ule wimbo wangu wa Kilo. Shule iko, tunamshukuru Mungu. Nilitaka kuuliza ni shule gani, darasa gani, na asubuhi mtoto atabaki na nani. Nikasimama, nikaenda kuleta maji, na hakuna aliyekuwa na kiu.

Usiku nilifikiri nikufundishe alama ya siri. Kwa mfano, ukiandika bila tarehe nijue husomi. Kwa kuwa barua yako itasomwa na Tantine kabla ya dereva kuichukua, niliona ni akili sana. Asubuhi nikaliacha wazo hilo. Ningekuwa nakufundisha kwa mara ya pili kuficha mlango. Na siku moja ungesahau tarehe kwa kusahau tu, mimi nikasumbua watu wote bure.

Nikaweka kalamu hapo. Sasa nimerudi.

Nilichukua nusu karatasi nikaandika mistari miwili, nikaipeleka chumbani kwa Tantine. Nilidhani ataisoma, mimi nikitazama ukuta. Alikuwa ananyonyesha. Akaitazama karatasi, akanitazama.

"Mi niko na mutoto mikononi, nisome na mugongo? Mwalimu muzima anaongea na kalamu tu. Soma weye."

Basi nikasoma. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Tantine, jioni njema. Naomba kujua kama Riziki ataingia darasa la sita shule zikifunguliwa, na asubuhi akiwa shuleni, nani atabaki na mtoto. Naomba jibu leo kabla hamjasafiri."

Akaitazama tena karatasi. Akauliza kama Baba ndiye aliyenituma. Nikasema hapana, ni mimi. Akamhamisha mtoto upande wa pili, akafunga vizuri pagne yake.

"Asubuhi niko mu shamba," akasema. "Bwana iko mu pori. Asubuhi njo saa namuhitaji Riziki abaki na mutoto."

Hivyo tu, Riziki. Hakuwa ameficha kitu. Hakuna aliyemuuliza. Shule iko, alisema kweli, iko pale inaonekana kutoka shambani kwake, na wewe ungeiona kila siku ukiwa na mtoto mgongoni.

Nilitaka kulia, na nilitaka pia kuchukua mzigo wako niufungue. Nikauliza kama hiyo shule inafundisha na mchana. Akafikiri. Akasema iko na vipindi vya mchana kwa madarasa makubwa, kwa sababu vyumba havitoshi. Nikasema basi aingie mchana, Tantine, asubuhi abaki na mtoto, mchana wewe umerudi. Akasema jua la mchana kule ni kali na mtoto atakuwa amechoka. Nikasema Riziki hachoki haraka. Akacheka kwa pua, akasema mimi ninayejifanya kimya ndiye mgumu kuliko wote wa nyumba hii. Kisha akasema sawa, mchana, amekubali.

Tukampigia Baba. Mtandao ulikatika-katika, akasikia neno la kwanza na neno la mwisho, tukarudia mpaka akasikia na la katikati. Akauliza nani ameuliza habari ya asubuhi. Tantine akamwambia, "Ni huyu wako wa beseni." Sijui Baba alifanya uso gani. Akasema mchana ni vizuri, na kwamba barua yako ya kwanza asomewe yeye vilevile.

Kwa hiyo kesho utaondoka. Ningeweza kukuambia ulale kwa amani, lakini sitaki kuandika nisilolijua. Neno la Tantine naliamini jioni hii. Sijui kama litasimama mtoto akiugua, au mvua ikianza na shamba likimwita mchana na asubuhi. Watu wema wanabadili ratiba kidogo kidogo, bila ubaya, mpaka siku moja unakuta hakuna aliyekukataza shule, umeacha tu kwenda. Hapo ndipo mimi nilipopotelea. Hakukuwa na siku ya kulia, kwa hiyo sikulia.

Nimemwambia Tantine mbele yake kwamba barua yako itaanza vipi, ili asione umemsengenya. Baada ya salamu moja, neno la kwanza litakuwa nasoma au sisomi. Akasema, "Aandike. Mi siogopi kalamu." Basi umesikia, una ruhusa ya mwenye nyumba. Dereva asome, jirani asome, Baba asomewe kwenye simu. Andika neno hilo kwa herufi zako kubwa zile ambazo nilikuwa nakukataza. Usinifiche kitu ili kunitunza. Usihofu kwamba nitahuzunika, nitahuzunika tu, haitaniua. Usimtunze Baba. Na usiandike kwamba unamshukuru Mungu mpaka useme ni juu ya nini.

Ukiandika nasoma, nitaisoma barua hiyo mara nyingi kisha nitakujibu kwa ukurasa mzima wa salamu. Ukiandika sisomi, nitakuja. Bado sijui ni kwa gari gani, wala nitamwomba nani ruhusa, na unajua ninavyoogopa kuongea na madereva. Nitakuja.

Yaya wako,
Vumilia